Zege Halilali, Mwanafunzi Asinzie Wapi?

Nina wakubwa wawili na hawajawahi kukaa meza moja. Mmoja ni bosi, anayenilipa mshahara mwisho wa mwezi, au katikati ya mwezi unaofuata, kutegemea mwenye jengo ameamkaje. Wa pili ni mhadhiri. Huyu halipi, analipwa, na ada yangu imo humo. Kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye mwenye nafasi ya kunivumilia. Bosi akiniona natazama saa alasiri, husema: "Mdogo wangu, chuo kipo tu, hakihami." Mhadhiri akiniona naingia nimechelewa, buti zikiacha saruji kwenye sakafu, husema: "Kijana, kazi zipo siku zote." Basi chuo kipo, kazi zipo, asiyekuwepo ni mimi.

Mimi ni fundi sanifu. Nina stashahada ya uhandisi ujenzi, nafanya kazi kwa mkandarasi mdogo hapa Dar es Salaam, na jioni nasomea shahada ya fani hiyohiyo. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza. Mchana unajifunza kwa mikono, jioni kwa kichwa, mikono na kichwa vinakutana, taifa linapata mhandisi. Aliyeubuni bila shaka alilala hosteli, hatua chache kutoka maktaba, na hakuwahi kumwaga slabu siku yenye kipindi.

Nieleze habari ya slabu, maana matatizo yangu mengi yako juu yake. Kwanza inasimamishwa mirunda, zinapigwa mbao, zinasukwa nondo, zinapachikwa biskuti ili nondo zisilale juu ya mbao. Mshauri mwelekezi anakuja na kofia yake safi, anazunguka, anakuta ringi fulani zimeachana mno, anaguna, zinarekebishwa, anasaini. Ndipo siku ya kumwaga inapangwa, na ikipangwa haijawahi kuangukia siku ambayo sina kipindi. Kisha ikianza haisimami. Mitaani watu wanasema "zege halilali" wakitaka kuharakisha posa au kukomboa gari bandarini. Kwetu hiyo ni ratiba. Saruji ikigusa maji inaanza mambo yake palepale, na haina kitufe cha kusubiri. Ukimwaga nusu leo, ukanawa miguu ukaenda chuo, nusu ya kesho haitashikana vizuri na ya leo. Katikati utabaki mpaka ambao maji yatapita na nguvu haitapita.

Kwa hesabu za ofisini, slabu ya kuanza saa moja asubuhi inakwisha saa tisa, saa kumi uko barabarani, saa kumi na moja na nusu umeketi mbele ukiwa na kalamu mbili. Hesabu za ofisini hazijui kwamba mashine ya kuchanganyia zege itagoma kuwaka mpaka aitwe fundi wake kutoka Tegeta, na kwamba fundi huyo atakuja na pikipiki lakini spana ataiazima hapahapa. Hazijui kwamba lori la kokoto litakwama kwenye mchanga wa njia ya kuingilia. Wala hazijui kwamba vibarua wa ndoo, baada ya kuona hali imekuwa tete na zege limeshaanza kupanda, wataketi chini wote kwa pamoja na kuanza mazungumzo mapya ya ujira. Siwalaumu. Ndiyo saa pekee kwa mwaka ambayo bosi anawasikiliza.

Kwa hiyo slabu ya saa moja inaanza saa nne, na saa kumi na moja na nusu, jina langu linapoitwa darasani, mimi niko juu, napigia kelele mwenye vaibreta asiache kona. Giza linaingia. Jenereta linawashwa. Mama lishe anapandisha chai kwa ujira wa baadaye. Na usiku huo, nikiwa kitandani na vidole visivyokunjika, nafungua kundi la WhatsApp la darasa kuona nimekosa nini. Mada ya jioni ile ilikuwa viungo baridi kwenye zege, yaani mipaka ya aina ile, na namna ya kuviepuka.

Kwenye orodha ya mahudhurio nimeandikiwa sikuwepo. Kweli sikuwepo. Nilikuwa naviepuka.

Nilimweleza mhadhiri jambo hili, kwa adabu zote, nikidhani atacheka na kunipa alama yangu. Hakucheka. Alinikumbusha kwamba anayehudhuria chini ya asilimia 75 haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, akaniuliza kama nina barua kutoka kwa mwajiri. Nilimwomba bosi barua. Akasema ataandika tukimaliza slabu. Slabu gani, sikuuliza. Jengo lina ghorofa nne.

Siku zisizo na slabu ndizo ninazokwenda chuo, na hapo ndipo anapoingia adui wa tatu. Saiti yetu iko Bunju, chuo kiko mjini, na katikati yake iko Barabara ya Bagamoyo. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi, lakini wa Mbeya na Mombasa wanisikilize. Barabara hii imekuwa ikichimbwa ili ijengwe njia ya mabasi ya mwendokasi, jambo jema sana ambalo wajukuu zangu watalifurahia. Jioni yangu ni hii: nimesimama kwenye daladala, mgongo umeinama kwa sababu paa halikujengwa kwa kumfikiria mtu mzima, nachelewa kipindi cha uhandisi wa barabara kwa sababu barabara inahandisiwa. Kupitia dirishani naona wenzangu wa fani, wamevaa vizibao vya kung'aa, wamezunguka shimo wakilitazama. Najua kabisa wanachofanya. Wanasubiri mtu mmoja aliyekwenda kuleta kitu kimoja. Na katika kundi lile, nina uhakika, yuko mmoja anayetazama saa.

Nikifika, kipindi kiko katikati. Darasa la jioni lina harufu yake: jasho, dizeli na mihogo ya kukaanga. Tuko wa kila aina. Yuko anayefanya kazi halmashauri, anayepima viwanja, anayeuza vifaa vya ujenzi Buguruni na kuchukua oda wakati wa somo. Wote tunalala macho wazi, ufundi ambao haufundishwi kozi za mchana. Siri yake ni kushika kalamu. Mtu aliyeshika kalamu, kichwa kikianguka, anaonekana anaandika.

Kilichonilaza kuliko vyote ni nadharia ya miundo. Mwaka 1930, Mmarekani aitwaye Hardy Cross alichapisha njia ya kukokotoa nguvu za kupinda kwenye bimu zilizoungana, kwa kugawa na kugawa tena hadi mabaki yaishe. Andiko lenyewe lilikuwa na kurasa 10 tu. Wahandisi wa dunia nzima wakashukuru, kwa sababu kabla yake walikuwa wakitatua milinganyo mirefu kwa mkono hadi wanazeeka. Mimi pia nashukuru. Ninachouliza ni kwa nini kurasa 10 za mtu aliyelala vizuri zifundishwe saa mbili usiku kwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Unagawa nguvu kushoto, unapeleka nusu kulia, unarudisha, unagawa tena, na kila ukirudisha unakuta kope nayo imeshuka. Kesho yake, kwenye bimu halisi, fundi nondo mzee ambaye hajamsikia Cross anatazama mchoro, anakuna kidevu na kusema: "Injinia, hapa juu ya nguzo ongeza nondo za juu, maana patapasuka." Nakwenda kuhakiki kwa njia ya kurasa 10. Patapasuka.

Anaponiita "injinia" ananitania, nalijua hilo, lakini naitika.

Halafu kuna kazi za vikundi. Mhadhiri anagawa watu watano watano na kusema mjifunze kushirikiana, kwa sababu uhandisi ni ushirikiano. Kikundi cha mchana kinakutana chini ya mwembe. Kikundi cha jioni kinakutana hewani, saa tano usiku, na mazungumzo yake siku zote ni yaleyale: "Wakuu, habari za usiku. Kazi imefikia wapi?" Hakuna anayejibu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anasubiri kuuliza swali hilohilo. Siku ya mwisho, mwenye duka la Buguruni anamlipa kijana wa kozi ya mchana atuchapie, jina la kila mmoja linaandikwa mbele, tunapata alama nzuri. Ushirikiano, basi, tumejifunza. Mkandarasi naye ndivyo anavyofanya: anachukua zabuni, kazi anampa mwingine.

Lakini yote hayo ni mepesi mbele ya suala la mafunzo kwa vitendo.

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo wanatawanyika kwenye saiti kujifunza kazi. Kwetu huja vijana wa mchana, viatu vyeupe, simu tayari kupiga picha wakiwa wamevaa kofia ngumu. Bosi huwatazama, kisha hunitazama, kisha husema: "Hawa ni wako." Basi ninawafundisha. Nawaonyesha jinsi ya kupima umajimaji wa zege kwa ile pia ya bati, jinsi ya kujaza vibweta vya mchemraba vya milimita 150 ili sampuli zikavunjwe maabara siku ya 7 na siku ya 28, jinsi ya kusimama mbali na winchi. Nawafundisha pia kwamba mtu hamwambii fundi "umekosea", anamwambia "hebu tuliangalie tena hili, mzee wangu".

Siku moja akaja mhadhiri wao kuwakagua. Akashuka kwenye gari, akavaa kofia, akaja moja kwa moja hadi kwangu na mkono mbele. "Mhandisi, habari za kazi? Vijana wangu wanaendeleaje?" Nikampa taarifa. Akaandika kila neno. Akaniuliza uwiano wa maji na saruji tunaotumia, nikamjibu, akatikisa kichwa kwa heshima na kuwaambia vijana: "Mnasikia? Msikilizeni sana huyu." Ndiye yuleyule wangu wa jioni. Hakunitambua, kwa kuwa mwangani hajawahi kuniona, na darasani nakaa nyuma ambako taa imeungua tangu muhula uliopita. Saa kumi na mbili jioni ileile alinirudishia jaribio langu. Alama 11 kati ya 30. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Mwanafunzi huyu anahitaji kuona kazi halisi."

Na kweli chuo kilitaka niione. Mtaala haubagui: mwanafunzi wa jioni naye lazima atimize majuma yake ya mafunzo kwa vitendo, mahali panapotambulika. Nikapewa barua ya kupeleka kwa kampuni ya ujenzi, kuomba nafasi. Nikaipeleka kwa bosi wangu. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, akavua miwani.

"Unaomba nafasi hapa?"

"Ndiyo, bosi."

"Ya kujifunza kazi?"

"Ndiyo, bosi."

"Sasa kazi nani atafanya?"

Hatimaye alikubali, kwa sharti kwamba mafunzo yasiingiliane na kazi. Nikapewa daftari la kumbukumbu, linalotaka kila siku uandike ulichofanya na ulichojifunza. Jumatatu: kusimamia kuta. Nilichojifunza: matofali yakiletwa usiku, hesabu yake hupungua ikifika asubuhi. Jumanne: kufuata nondo dukani. Nilichojifunza: mwenye duka hakopeshi tena mpaka alipwe deni la nguzo. Mwisho wa kila juma daftari linasainiwa na msimamizi wa wanafunzi wa saiti husika. Msomaji ameshajua msimamizi wa wanafunzi wa saiti husika ni nani. Nilimpelekea bosi asaini yeye, akasema hana muda wa mambo ya watoto, "saini mwenyewe, si ndiyo kazi yako?" Chuo kikakataa, kikasema mwanafunzi hawezi kujithibitisha. Daftari lilikaa kwenye dashibodi ya gari la bosi hadi jalada likafifia kwa jua.

Mtu atasema chukua likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Zege nalo, kwa vipimo vya kawaida, linapewa siku 28 kufikia nguvu yake. Tumepewa sawasawa, mimi na zege. Tofauti ni kwamba siku za zege hakuna anayethubutu kuzigusa. Linafunikwa magunia, linamwagiliwa maji asubuhi na jioni, na mtu akilikanyaga mapema anafokewa. Mimi nikiomba siku za mtihani naambiwa hiyo likizo tutaivunja vipandevipande, kipande cha kwanza tuone Desemba. Sheria hiyohiyo inakupa siku za maombolezo ukifiwa na mzazi au bibi. Kwa anayeuawa na Hardy Cross, haikuweka siku hata moja.

Nyumbani hawalijui hili. Nyumbani mimi ni injinia tangu nilipopata stashahada. Shangazi yangu wa Singida alinipigia nikiwa katikati ya mapitio ya mtihani, akataka ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, kimoja chenye choo ndani, na akaomba niweke na ghorofa kidogo kwa baadaye. Nikamweleza kwamba ghorofa kidogo haipo. Akasema: "Mwanangu, wewe chora tu, Mungu atajenga." Nimechora. Nilichora kwenye kipindi cha mekanika ya udongo, ambacho kingenisaidia kujua kama kiwanja chake kitabeba hiyo ghorofa kidogo.

Na msidhani nikimaliza ndiyo basi. Mwenye shahada anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, imekuwa na mpango maalumu wa uanagenzi huo tangu mwaka 2003. Yaani mwishoni mwa mafunzo yanakuja mafunzo. Bosi aliposikia alifurahi sana, akaniuliza kama kwa miaka hiyo mitatu mshahara nao utakuwa wa mafunzo.

Hapo kwenye miaka mitatu, ingawa mimi ni mlalamishi wa kuzaliwa, nanyamaza. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya jiji hili, Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Aliyeona watu wanachimbua kifusi kwa mikono hawezi kusema mhandisi afupishiwe njia. Sitaki kufupishiwa. Nataka tu wanaonifundisha kazi na wanaonipa kazi wajue kwamba wanashughulika na mtu mmoja, maana kwa sasa mimi ni karai la saiti: kila mtu analitumia, hakuna wa kuliosha.

Wala siombi makubwa. Bosi amtumie mhadhiri ratiba ya slabu mwanzoni mwa muhula. Mhadhiri amtumie bosi ratiba ya mitihani. Daftari lisainiwe. Ile taa ya nyuma darasani ibadilishwe, au isibadilishwe, hapo sina haraka. Nimewapa wote wawili namba za simu za kila mmoja, kwa mwandiko wangu bora. Bosi alisema atampigia huyo mwalimu wakati wake ukiruhusu. Mhadhiri alisema mawasiliano na waajiri hupitia ofisi ya mafunzo, inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, muda ambao mimi niko Bunju.

Mitihani inaanza Jumatatu ijayo, karatasi ya kwanza ni nadharia ya miundo. Slabu ya ghorofa ya tatu nayo imepangwa Jumatatu ijayo, saa moja asubuhi. Mwenye jengo, kama gazeti hili linafika kwako, nakusihi: chelewesha hela ya saruji hadi Jumanne. Umeshawahi kuichelewesha bila kuombwa.